Kofia Iliyokaa Vizuri Kichwani mwa Wini

Vuta kigoda ukae, wewe unayenisikiliza, na kama una kazi ya mkononi, mchele wa kuchambua au kifungo cha kushona, endelea nayo. Habari hii haihitaji unitazame usoni. Nitakwenda taratibu, na pale penye nyaya na skrubu nitasimama nikufafanulie mpaka uone mwenyewe, maana humo hamna kitu kigumu. Kigumu ni kile kilichonipata juzi kwenye arobaini ya marehemu Kaka Sudi, Tandika, tulipokuwa tumekaa wanawake uani kwenye mikeka, sinia la pilau katikati yetu. Kushoto kwangu alikaa Winifrida, ambaye sie tulimwita Wini, amekuja kutoka Segerea na kitenge chake kizuri na miwani yake. Msichana mmoja wa nyumba ile akamuuliza marehemu alimfahamu vipi. Wini akameza tonge, akafuta midomo, akasema, "Huyu kaka alinitengenezea mimi kofia ya kurushia ndege kwenye kompyuta. Zamani hizo, kompyuta zenyewe watu hawazijui. Ukigeuza kichwa, na ndege inatazama huko huko. Alinipima kichwa changu hikihiki." Wote wakamtazama kichwa. Na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikahisi kitu kinanikwangua kifuani kama kijiko kwenye sufuria lililoungua. Nikachukua kipande cha limau nikakamulia kwenye pilau ambayo nilishaikamulia limau. Kofia ile ilianzia kichwani kwangu.

Ulikuwa ule mwaka wa baada ya mimi kumaliza kidato cha nne, katikati ya miaka ya tisini, wakati vitu ambavyo tuliwahi kuvisikia tu vilianza kumwagika mjini: televisheni, mitumba ya kila namna, sabuni zenye harufu ya matunda. Tulikaa nyumba ya vyumba sita, ukumbi mrefu katikati na uani nyuma, na kuta za vyumba hazikufika kwenye bati, kwa hiyo kila mpangaji alijua mwenzake anakula nini na anagombana na nani. Chumba kikubwa cha mbele walikaa Baba Wini na Mama Wini, watu wa Kilimanjaro. Baba alikuwa karani kwa wakala mmoja wa kutoa mizigo bandarini, Kurasini. Chumba cha mwisho, karibu na choo, alikaa Kaka Sudi, fundi redio, kijana mwembamba ambaye shati lake lilinuka risasi ya kuunganishia nyaya hata siku ya Idi. Siku moja Baba Wini alirudi na kompyuta iliyotumika, imetolewa ofisini kwao, imefungwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Akaiweka juu ya meza ya chakula, na kuanzia siku ile familia ikawa inakula chini. Mama Wini alikuwa akipakua ndizi na nyama huku akisema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, "Meza nimeinunua mie kwa biashara yangu ya vitenge. Sasa meza imepata mume, mie nimebaki na mkeka."

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na gemu la kurusha ndege. Baba Wini akitoka kazini, umeme ukiwepo, alivua viatu, akashika fimbo ya kuongozea, na sie tulijaa mlangoni kumtazama akianguka. Alikuwa akianguka vizuri sana. Shida yake ilikuwa moja: ndege ikikata kona kurudi uwanjani, rubani lazima atazame pembeni aone njia ya kutua iko wapi, na kwenye gemu kutazama pembeni maana yake ni kuachia fimbo utafute kitufe kwenye kibodi. Akikitafuta, ndege imeshalala kwenye nyasi. Kaka Sudi alikuwa ameitwa kusafisha kibodi iliyomwagikiwa chai. Akamtazama Baba Wini akianguka mara kadhaa, kisha akasema polepole, kama anayejiuliza mwenyewe, "Mtu gani anageuza shingo kwa kidole?" Baba Wini akamjibu, "Basi tengeneza fimbo ya kugeuzwa kwa shingo, fundi." Nadhani alikuwa anamtania. Sudi hakucheka.

Sasa nifuate vizuri hapa. Ile fimbo ya gemu haina maajabu ndani. Ina vitu viwili vinavyofanana na kile kinachokaa nyuma ya kitufe cha sauti cha redio. Mafundi wanakiita volyumu. Ukikizungusha, umeme unapita mwingi au kidogo, na kompyuta inasoma: kidogo ni kushoto, mwingi ni kulia. Haijui kama kilichozungusha ni mkono au kichwa, wala haijali. Nyuma ya kompyuta palikuwa na nafasi ya kuunganisha fimbo ya pili, na gemu liliruhusu fimbo ya pili iwe macho ya rubani. Basi, hiyo ndiyo siri yote. Sudi alichukua helmeti kuukuu ya wapakua mizigo, akakata ukingo wake mpaka ikabaki kama bakuli. Juu yake akasimamisha kipande cha bomba la antena ya televisheni, kikapanda hadi kwenye ubao alioupigilia kwenye boriti juu ya kiti. Volyumu moja ilikaa kule juu, kwa hiyo ukigeuza kichwa bomba linazunguka nalo linaizungusha. Ya pili ilikaa kwenye bawaba ndogo pale bomba linapokutana na helmeti, hiyo ikisoma kuinama na kuinuka. Volyumu za kwanza alizitoa kwenye redio, zile zile za sauti, na zikatutesa: ukigeuka kidogo picha haisogei, ukiongeza kidogo inaruka mpaka mgongoni. Alikaa nazo na mita yake ya kupimia umeme mchana kutwa, akagundua kwamba volyumu ya sauti haipandi sawasawa. Inaanza polepole na mwishoni inakimbia, kwa kuwa ndivyo sikio linavyotaka. Akatafuta zile zinazogawa sauti kati ya spika ya kushoto na ya kulia, ambazo hupanda kwa mwendo mmoja. Picha ikatulia, ikaanza kufuata kichwa kama kivuli.

Kichwa chenyewe kilikuwa changu. Baba Wini alishinda kazini, Wini alikuwa kidato cha pili na hurudi jioni, mimi ndiye niliyekuwa nyumbani sina shule wala kazi. Tena kompyuta ilitoa maelekezo kwa Kiingereza, na Sudi shule aliishia darasa la saba, kwa hiyo nilikuwa kichwa na macho pia. Ilitaka kwanza ifundishwe. Inakwambia: tazama juu kushoto kadiri unavyoweza, bonyeza, tazama chini kulia, bonyeza, tazama katikati, bonyeza. Nikisoma, yeye anasimama nyuma yangu, anashika bomba kwa vidole viwili, anasema, "Tulia hapo hapo, Mwaju. Hapo hapo. Usipumue." Sikuwa nikimpenda kwa maana ile unayoifikiria. Nilitaka tu aendelee kuniangalia namna ile, kama mtu anayeangalia kitu ambacho bila hicho kazi haiendi. Uani wanawake walisema walivyotaka. "Mtoto wa watu kafungwa kwenye boriti kama ng'ombe wa kukamuliwa," alisema Mama Chausiku, msusi wetu, na mwenzake akamjibu, "Muache. Ng'ombe mwenyewe anacheka."

Nilikuwa na sababu ya kucheka. Tajiri wa Baba Wini, Mzee Shayo, alikuwa anafungua chumba cha magemu Kinondoni, na alitaka kitu ambacho hakipo kwingine. Alipoelezwa habari ya kofia alisema atakuja kuiona, na ikimpendeza ataichukua pamoja na mtu wa kukaa nayo, awavishe wateja na kuitunza, kwa mshahara. Nyumbani kwetu ilikwisha kuamuliwa kwamba nisipopata cha kufanya niende Kunduchi kwa shangazi, nikamsaidie kukaanga samaki. Shangazi ni mtu mwema na samaki wake walikuwa watamu. Lakini nilishakaa kwenye kile kiti, nikageuza shingo, na dunia nzima ikageuka nami. Nilitaka kwenda Kinondoni na kofia ile kuliko nilivyowahi kutaka chochote.

Kisha Jumatatu zikaanza. Wiki nzima kofia inakwenda vizuri. Jumatatu naketi, natazama mbele, ndege inatazama ardhini. Tunaifundisha upya, inakaa sawa hadi Jumamosi. Jumatatu nyingine natazama mbele, ndege inatazama mawingu. Sudi akalaumu umeme. Akalaumu joto, vumbi, bawaba. Akafungua volyumu akaziosha kwa spiriti, akabadili nyaya, akakonda. Nami nilijifunza kuirekebisha bila kumsubiri: nalegeza skrubu ya volyumu, naizungusha mpaka picha irudi mbele, nakaza. Jioni moja Wini akarudi shule, sare yake ya kijani ina alama za chaki, akasimama mlangoni akila kipande cha muhogo na kututazama tukihangaika. Akasema, "Kaka Sudi, si kwa sababu Dada Mwaju kasuka?"

"Kasuka nini?"

"Nywele. Jumapili iliyopita alisuka twende kilioni, zikarundikana huku kisogoni. Jana kasuka za uzi, zimesimama hapa mbele. Kofia si inapanda?"

Kwa wasiojua: shule zetu wasichana tulinyoa, miaka yote, kuanzia darasa la kwanza mpaka cheti. Ule mwaka ndio wa kwanza nywele zangu kuwa zangu. Kila Jumapili Mama Chausiku alinikalisha katikati ya magoti yake, akazifumua na kuzisuka upya kwa mtindo mwingine, na zilikuwa zinarefuka. Nilikuwa nazishika hata usingizini. Sudi aliniinamisha kichwa, akabonyeza misuko kwa kidole gumba kama anayepima embe, kisha akaichukua helmeti kichwani kwangu, akamvika Wini. Kichwa cha Wini kilikuwa kimenyolewa wiki ile. Kofia ikashuka, ikakaa, haikutikisika. Wakaifundisha mara moja. Wini akageuza shingo, akainua kidevu, akaipeleka ndege juu ya uwanja, akaizungusha akiwa anautazama uwanja muda wote pembeni, na akatua. Hakuna aliyekuwa ametua vile, mimi nikiwemo. Bado anatafuna muhogo. Sudi alisema, "Tulia hapo hapo," ingawa hapakuwa na sababu tena ya kutulia.

Mambo mengine ya wivu huwa unayafikiria tu. Hili nililisikia kwa masikio. Niko chumbani kwetu nakunja nguo, sauti zinapita juu ya ukuta. Baba Wini anasema, "Na yule Mwajuma je? Si ndiye amekaa nayo siku zote?" Na Sudi anajibu, kwa upole, kama anayesema habari ya volyumu, "Mwaju mtu mzuri. Lakini kichwa chake kila wiki kingine. Cha Wini hakibadiliki." Baba Wini akasema basi Mzee Shayo akija akae Wini, na akipendezwa Wini atakwenda Kinondoni jioni baada ya shule. Nilishika gauni lililokuwa mkononi mpaka likakunjamana kuliko lilivyokuwa kabla sijalikunja. Nikatoka nikamfuata Mama Chausiku nikamwambia aninyoe.

"Nikufanyeje?"

"Uninyoe. Zote."

"Mwaka mzima nazilea kwa vidole hivi, leo nizikate kwa ajili ya sufuria la bandarini?" Akaendelea kusuka kichwa kilichokuwa magotini mwake. "Nenda kwa kinyozi. Mie mkono hautaki."

Nikaenda kwa kinyozi, na mtandio nimeushika mkononi tayari. Alikuwa amekaa nje ya banda lake anajipepea na kipande cha boksi. Akaniambia mashine zake zinangoja mgao uishe, nirudi jioni. Nikarudi nyumbani. Jioni, nikitoka kwenda kwake tena, nilipita mlango wa chumba cha mbele na kumwona Wini kitini, Sudi nyuma yake ameshika bomba kwa vidole viwili. Nikaona hata nikinyoa, kiti kile kimeshapata mwenyewe. Nikabaki na nywele zangu, na siku zile nilizichukia.

Mzee Shayo alikuja Jumamosi, mtu mpana, mwenye kicheko kilichomwanzia tumboni. Mama Wini alipika machalari, ndizi zimeiva na nyama hadi mchuzi umekuwa mzito, na meza ikiwa bado imekaliwa na kompyuta, wageni wakala chini na kusifu chakula kwa adabu. Nilipewa kazi ya chai. Wini akakaa, akaruka, akatua, akaruka tena. Watu wa nyumba nzima walikuwa mlangoni. "Huyu mtoto anatazama kama mwewe," alisema Mzee Shayo, na nilimwona Sudi akitabasamu kwa namna ambayo mimi hakuwahi kunitabasamia. Kisha mzee akanawa, akasema, "Haya, na mie."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kofia ikamkaa sawa, alikuwa na upara, lakini ndege ikakataa kutazama mbele. Ilitazama kulia tu. Sudi akamwambia, "Mzee, tazama mbele."

"Natazama mbele."

"Umegeukia dirishani kidogo, Mzee."

"Kijana, mbele yangu utanionyesha wewe?"

Sudi akamshika kidevu, akamnyoosha. Wakaifundisha kompyuta. Akimwachia tu, kichwa kinarudi kulia, na ndege nayo. Akamnyoosha tena. Ndege ikaanguka, ikaanguka tena. Wini akataka kusaidia, akasema, "Kaa kama mimi nilivyokaa, Mzee."

"Nikae kama wewe, nina shingo yako?" Watu wakacheka, ila yeye alikuwa ameanza kutoa jasho, na mkono wake ulishakwenda kwenye helmeti kuivua. Nikamwona Baba Wini anatazama chini. Nami nilikuwa nimeshaona kitu ambacho wao hawakukiona, kwa sababu wao walizoea kichwa kisichobadilika. Mzee yule aliwahi kuwa dereva wa malori kabla hajawa tajiri. Alikuwa ametuambia mwenyewe akila. Miaka yote ile ya kuchungulia kioo cha pembeni na kuegemea dirisha ilikuwa imemwachia shingo iliyokaa upande. Nikaweka sinia la chai chini.

"Shikamoo Mzee. Samahani. Usikae kama mtu yeyote. Kaa kama uko kwenye lori, barabara imenyooka, safari bado ndefu."

Akanitazama. Kisha akashusha mabega, akaegemea, na kichwa kikaenda kulia, taratibu, kikatulia.

"Mwaju, kageuka bado," alinong'ona Sudi.

"Muache. Huko ndiko mbele kwake."

Nikapanda kigodani, nikalegeza skrubu ya juu, nikaizungusha volyumu mpaka picha ikaja mbele ya macho yake yeye, nikakaza. Nikafanya na ya chini. Nikamsomea maneno ya skrini moja moja, nikimwambia aende mwisho pale shingo yake inapoishia, asijilazimishe, tena hakuna haraka. Kazi ile nilikuwa nikiifanya kila Jumatatu kwa kichwa changu mwenyewe, nikidhani ni ugonjwa. Mzee Shayo akashika fimbo, akaruka, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatua kwa kudunda kama lori kwenye tuta. Ndege ikasimama. Halafu akauliza bila kugeuka, "Huyu binti anaitwa nani?"

Nilikwenda Kinondoni na kofia. Ningekuwa muungwana zaidi, ningekwambia kwamba tangu hapo roho yangu ilitulia. Haikutulia. Wiki nzima iliyofuata, uani, Sudi aliwahadithia watu jinsi Wini alivyotua, siyo jinsi mzee alivyotua. Na kule Kinondoni niliwavisha watu wa kila aina, wenye rasta, wenye kilemba, watoto ambao niliwawekea sponji ndani ya kofia isicheze, na wote waliondoka wamefurahi. Lakini Jumamosi Wini alipokuja, watu waliacha mashine zao wakamzunguka, na mimi ndiye niliyemkazia skrubu. Alinishukuru kila mara. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba sikuwa na kosa lolote la kumshikia. Juzi kwenye arobaini pia hakusema uongo: ni kweli Sudi alimpima kichwa. Changu hakuwahi kukipima, alikikuta tu kipo. Tulipoagana nilimshika mkono Wini, nikamwangalia nywele zake nene zilizobanwa nyuma, na kabla sijajizuia nilikuwa nimeshahesabu sponji itakayohitajika mbele ili kofia isiinamie usoni. Ningemvika vizuri. Mtu mwingine asingeweza.

Kwa hiyo siku ukipewa kazi ya kumvika mtu kitu chochote cha kichwani kinachotakiwa kufuata macho yake, fanya hivi. Mkalishe, mwambie atazame mbele, kisha unyamaze mpaka shingo ichague yenyewe pa kukaa. Usimguse kidevu. Legeza skrubu, izungushe volyumu mpaka picha iende alikotazama, halafu kaza.